Muulize Mama Mhandisi: Mwanya ule haukuachwa kwa bahati mbaya

Barua za safari hii karibu zote zinahusu nyufa, na ninyi mnaoandika mnataka jibu moja: nijaze nini? Nitajibu, lakini si kabla ya kuwauliza kinachosogea ni kipi na kinaelekea wapi. Nimechagua barua tano.

Shikamoo Mama Mhandisi. Nimenunua jengo la ghorofa tatu lenye urefu wa mita 64. Katikati yake, kuanzia sakafu ya chini hadi paani, kulikuwa na mwanya wa milimita 30 uliotiwa ubao laini ambao ulikuwa umeshaoza, na juu yake kifuniko cha alumini. Wakati wa ukarabati fundi aliniambia waliojenga waliishiwa zege. Akaujaza mwanya wote kwa saruji na mchanga, akapiga lipu, akapitisha vigae moja kwa moja. Nilipotia shaka akanijibu, “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Msimu wa joto vigae vya korido viliinuka kwa kishindo, wapangaji wakadhani bomba limepasuka. Sasa kuna ufa wima kando ya pale palipozibwa na mwingine umetokea kwenye kona ya mlango. Wa kulaumiwa ni nani? — Mwenye Jengo

Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na waliojenga mwanzo, maana wamesingiziwa. Hawakuishiwa zege. Chungulia pembeni mwa mwanya utakuta nguzo mbili zimesimama bega kwa bega, moja ya upande huu na moja ya upande ule, na boriti mbili mahali ambapo moja ingetosha. Aliyeishiwa zege hamwagi nguzo mbili. Ule ni mwanya wa upanuzi, ulichorwa na ukalipiwa, na una kazi yake.

Kazi yenyewe ni hii. Zege la kawaida hurefuka kwa takriban sehemu 10 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Ni namba ya kudharaulika mpaka uizidishe kwa urefu wa jengo. Kila nusu ya jengo lako ina mita 32, yaani milimita 32,000. Joto la zege likipanda kwa nyuzi 25, nusu moja inarefuka milimita 8. Kama inatanukia pande zote sawasawa, 4 zinakwenda nje na 4 zinakuja kwenye mwanya. Nusu ya pili nayo inaleta 4 zake. Mwanya unapungua kwa milimita 8.

Hujaniambia ngazi na lifti ziko wapi, na hilo lina uzito. Zikiwa katikati ya kila nusu, hesabu ni hiyo ya 8. Zikiwa kwenye ncha mbili za jengo, kuta zake nene zinazishikilia ncha zisisogee, na mwendo wote unageukia katikati: milimita 16. Mwanya wa milimita 30 unazimudu zote mbili. Mwanya uliojaa saruji haumudu hata milimita moja.

Zege linalozuiwa kutanuka husukuma. Likizuiwa kabisa, ongezeko la nyuzi 20 tu linaweza kuzaa mkazo wa megapaskali (kipimo cha nguvu inayobana au kuvuta kila eneo) 5 hadi 6. Kwa kubanwa, zege halitishiki na kiasi hicho. Lile la kawaida la majengo hubeba 25 na kuendelea. Kwa hiyo joto lilipokuja nguzo zilistahimili, vigae vikashindwa. Ni safu nyembamba iliyobandikwa kwa gundi, na ikibanwa kutoka pande mbili haina pa kukimbilia ila juu. Kishindo walichokisikia wapangaji ni gundi ikiachia kwa mpigo.

Nyufa ni habari nyingine, na nadhani hukuzitazama saa zilipozaliwa. Zinazaliwa kwenye baridi. Jengo likisinyaa, nusu hizi mbili zinataka kuachana, na ile saruji imezigandisha. Zege ni hodari wa kubanwa lakini hafifu wa kuvutwa: megapaskali 2 au 3 linakatika, na lipu na tofali hukatika mapema zaidi. Palipo dhaifu ndipo palipoachia, yaani ukuta kando ya mwanya na kona ya mlango, ambako mikazo hukusanyika siku zote. Fundi wako aliziba ufa, na sasa utajenga ukuta.

Ukiacha hivyo hivyo, ubaya unaongezeka kwa ujanja ambao wengi hawaujui. Ufa unapofunguka kwa baridi, vumbi na chembe za lipu zinadondokea ndani. Joto likirudi, ufa hauwezi kujifunga mpaka mwisho kwa sababu una kitu tumboni, kama mlango wenye jiwe kwenye bawaba. Kwa hiyo jengo linasukuma mbali zaidi kidogo. Baridi ijayo ufa unafunguka zaidi, unameza zaidi. Nimeona kuta za ukingo wa paa zilizosukumwa kwa mtindo huu hadi zikaning’inia nje ya mstari wa jengo, na waliokuwa wakizitazama walisema msingi umetitia. Msingi ulikuwa mzima.

Sasa kazi. Saruji yote itoke, kuanzia juu kabisa hadi usawa wa msingi, upana wote na kina chote. Tumieni tindo na mashine ndogo, si nyundo kubwa, kwa sababu pembeni kuna nguzo zinazobeba watu. Ukibaki mfupa mmoja wa saruji wa ukubwa wa kiganja, nguvu zote zitapitia hapo na zege la pembeni litamegeka. Angalieni pia vilivyovushwa bila kufikiriwa: bomba la maji, mfereji wa nyaya, reli ya ngazi, mabati ya dari. Kila kinachovuka mwanya kiwe na kipande kinachopinda au kinachoteleza. Vigae vikatwe kwenye mstari uleule wa mwanya, si sentimita kumi pembeni ili vipendeze. Kifuniko cha alumini kifungwe skrubu upande mmoja tu. Nasisitiza upande mmoja, kwa sababu mafundi wengi wakiona matundu pande zote mbili mikono inawawasha.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Mwanya unaopita ghorofa zote tatu ni bomba la moshi likitokea moto. Usijaze polistairini (lile povu jeupe la kufungashia) peke yake kwenye usawa wa sakafu, maana inayeyuka na kuwaka. Weka pamba ya madini iliyobanwa vizuri. Inakubali kuminywa na haishiki moto. Na paani, kingo mbili za mwanya ziinuliwe kwa zege kama vizingiti, kifuniko kikae juu yake, na mteremko wa maji uanzie hapo kwenda pande zote. Mwanya uliowekwa kwenye bonde la paa utavuja hata uupake nini.

Nyufa za ukutani usizirekebishe leo. Fungua mwanya kwanza, ngoja jengo lipite msimu mmoja wa baridi, kisha zibeni. Ila ule wa kwenye kona ya mlango ufuatilie hadi juu: kama umeingia kwenye boriti yenyewe na si lipu tu, mwite mhandisi aje autazame kwa macho yake.

Wa kulaumiwa? Fundi aliyejaza asichokijua, na wewe uliyemruhusu bila kutafuta michoro ya jengo.

Hujambo Mama. Mwalimu wetu alisema zege na chuma vinatanuka kwa joto. Kama ni hivyo, kwa nini nondo hazilipasui zege kutoka ndani? — Mwanafunzi wa Ufundi

Sijambo mwanangu. Kwa sababu vinatanuka karibu sawa. Zege ni 10 hivi katika milioni kwa kila nyuzi, chuma ni 12. Mmarekani Thaddeus Hyatt alichapisha majaribio yake mwaka 1877 akionyesha kwamba chuma na zege vinakwenda pamoja vikipashwa joto, na bila hilo zege la nondo lisingekuwapo kabisa. Fikiria nondo za alumini, ambayo ni 23 au 24: kila jua likichomoza zingesuguana na zege hadi ziachane.

Ila ile 10 usiikariri kama namba takatifu. Kokoto ndizo nyingi ndani ya zege, kwa hiyo ndizo zenye sauti. Zege la kokoto za mawe ya chokaa linaweza kushuka hadi 7 au 8, la kokoto za kwatzi likapanda hadi 12 na zaidi. Majengo mawili ya ramani moja, kokoto tofauti, hayasogei sawa.

Mama Mhandisi, shikamoo. Naishi ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la zege la bapa. Kuna ufa wa mlalo unaozunguka chumba palipokutana ukuta na paa, na kwenye pembe za jengo nyufa zimeshuka kimshazari. Majirani wa chini hawana hata mmoja. Nimeziba mara nyingi, zinarudi palepale. Je, jengo linazama? — Mkazi wa Juu

Marahaba. Jengo linalozama halianzi na ghorofa ya juu. Msingi ukititia, kwa kawaida nyufa huanzia chini na kupanda. Zako zimeanza juu na zinaishia juu, na hilo pekee limeshaniambia nusu ya jibu.

Paa lako linalala juani mchana kutwa. Uso mweusi wa lami unaweza kufika nyuzi 60 na ushei. Ukuta ulio chini yake, wenye kivuli na hewa, haufiki hata karibu ya hapo. Chukua slabu, yaani bapa la zege la paa, ya mita 20 ambayo kwa wastani imepanda nyuzi 20 kuliko ukuta: inarefuka milimita 4, mbili kila mwisho. Ukuta kama ni wa tofali za kuchoma unatanuka kwa nusu tu ya kiwango cha zege, tena haujapata joto. Slabu inateleza juu yake, lipu inakatika kwa mlalo. Kwenye pembe mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa hapo mwendo wa urefu na mwendo wa upana vinakutana, na ukuta ulioshikana na slabu unaburutwa. Ndiyo hiyo mishazari.

Thibitisha mwenyewe. Funga skrubu mbili ndogo, moja juu ya ufa na moja chini, na nyingine mbili kwenye ufa wa mshazari. Pima umbali kati yake alfajiri, kisha pima tena alasiri kuelekea jioni, si saa sita, kwa sababu slabu nene huchelewa kupata joto kuliko hewa. Andika na tarehe. Ufa unaokwenda na kurudi kwa saa na kwa majira ni wa joto. Ufa unaokwenda tu bila kurudi, hata kama ni kidogo, ni ugonjwa mwingine na unahitaji mtu wa kuja kuukagua.

Dawa ya kwanza haipo ndani ya chumba chako, iko juu ya paa: punguza joto la slabu. Rangi nyeupe inayorudisha mwanga inasaidia sana kwa kazi ndogo. Bora zaidi ni tabaka la kuzuia joto lililowekwa juu ya slabu. Hapa watu wanakosea kwa nia njema: wanaweka kizuia joto chini, kwenye dari. Chumba kinapoa kweli, lakini slabu, ambayo sasa haina pa kutolea joto kwa ndani, inakuwa ya moto zaidi na inasogea zaidi. Mkazi anafurahia ubaridi huku akishangaa nyufa zimezidi.

Kisha ule ufa wa mlalo uache uwe mstari rasmi. Chora mfereji mnyoofu kwenye lipu palipokutana ukuta na slabu, utie mpira wa kuzibia unaonyumbuka, au ufunike kwa ukanda wa mbao uliofungwa kwenye dari pekee. Lipu mpya ya saruji itapasuka tena, nawe umeshaijaribu vya kutosha.

Anayejenga sasa ana nafasi nzuri kuliko wewe: ukuta wa ndani usiobeba usifungwe kwenye slabu, na ule unaobeba usawazishwe juu kwa saruji laini kisha utandikwe matabaka mawili ya karatasi nzito ya plastiki kabla ya zege kumwagwa, ili slabu iteleze bila kuuburuta. Tahadhari: katika maeneo ya matetemeko ukuta na paa hufungwa pamoja kwa sababu zake, na huko uamuzi si wa fundi.

Mama, mimi fundi kijana. Naomba namba moja tu: mwanya wa upanuzi uwekwe kila baada ya mita ngapi? Kila mhandisi ananipa yake. — Fundi Mdogo

Wanakupa tofauti kwa sababu vitabu navyo vinatofautiana, na vinatofautiana kwa sababu maswali yake si yaleyale. Kanuni za Ulaya za zege zinapendekeza mita 30, lakini soma vizuri: zinasema ukiweka mianya kila umbali huo unaruhusiwa kutopiga hesabu ya joto na kusinyaa kwa jengo zima. Hazisemi kwamba jengo la mita 50 bila mwanya ni haramu. Ukizidisha, piga hesabu. Kanuni za India zinataja mita 45. Ripoti moja ya Marekani ya mwaka 1974, ambayo bado inatumika, inaanza na tofauti ya joto ya mahali husika: tofauti ikiwa kubwa, urefu unapungua. Kisha inakata asilimia 15 kama miguu ya nguzo imekazwa kwenye msingi, na asilimia 25 kama jengo ni gumu zaidi upande mmoja. Hiyo asilimia 25 ndiyo ile hadithi ya ngazi na lifti niliyomweleza Mwenye Jengo.

Umbo nalo linaamua. Jengo lenye umbo la L, T au U linataka mwanya kwenye pembe ya ndani, hata kama kila mkono ni mfupi, kwa sababu mikono miwili inasukuma kwa mielekeo tofauti na pembe ile ndiyo inayopasuka. Ukuta wa tofali za saruji una mianya yake ya karibu zaidi, mita 6 hadi 9 hivi, na ukuta wa ukingo wa paa, unaopigwa na jua pande zote mbili, unahitaji ya karibu kuliko ule ulio chini yake.

Ila nikuulize na mimi: una hakika unachoogopa ni kutanuka? Zege linapokauka hupungua sehemu 300 hadi 600 katika milioni. Ligawe kwa 10: ni sawa na kulipoza kwa nyuzi 30 hadi 60, tena bila kurudi. Kwa hiyo jengo jipya, kwa miaka yake ya mwanzo, kwa jumla linafupika. Ndiyo maana wengine humwaga slabu ndefu kwa vipande viwili na kuacha utepe wa mita moja hivi katikati, nondo zikipishana, wakaujaza baada ya wiki kadhaa, kusinyaa kwingi kukiwa kumeshapita. Huo si mwanya wa upanuzi. Ukishajazwa, jengo ni moja, na joto la kila msimu litaendelea kulivuta na kulisukuma.

Vivyo hivyo usichanganye na mikato ya sakafu iliyo juu ya ardhi. Ile inakatwa kwa msumeno robo ya unene, mara tu zege linapoweza kukatwa bila kokoto kung’oka, na nafasi yake ni mara 24 hadi 36 ya unene. Sakafu ya milimita 100, kata kila mita 2.4 hadi 3.6. Kazi yake ni kuuonyesha ufa wa kusinyaa mahali pa kupita.

Msingi wenyewe kwa kawaida haukatwi kwa ajili ya joto, maana chini ya ardhi joto halibadiliki sana. Nguzo zote mbili zinaweza kusimama juu ya kitako kimoja. Unakatwa pale unapohofia upande mmoja kutitia kuliko mwingine. Na kwenye matetemeko mwanya wa milimita 25 ni mtego: Mexico City mwaka 1985 majengo mengi yaliyokaribiana yaligongana. Huko upana unapangwa na kuyumba kwa jengo, na joto linafuata nyuma.

Tunatia silikoni kwenye mianya ya ukuta wa nje, inachanika katikati au inabanduka. Tumebadilisha aina, hali ni ileile. — Timu ya Matengenezo

Nina shaka mnaijaza hadi ndani kabisa ili iwe imara. Mpira wa kuzibia, kama hiyo silikoni yenu, unatakiwa ushike kuta mbili tu za mwanya. Ukishika na mgongo pia, hauwezi kurefuka, unachanika. Ingizeni kwanza kamba ya sponji yenye unene uliozidi mwanya kwa robo hivi ili ikae kwa kubana, kisha mpira juu yake, kina chake nusu ya upana. Mwanya wa milimita 20, kina 10.

Halafu someni kopo. Mpira ulioandikwa asilimia 25 kwenye mwanya wa milimita 20 unavumilia milimita 5 za kufunguka au 5 za kufunga. Kama mwanya wenu unafunguka 8, huo hautawafaa: tafuteni wenye asilimia kubwa zaidi au muupanue mwanya. Kingo ziwe kavu na zisiwe na vumbi, na rangi ya awali ipakwe kama mtengenezaji ameagiza. Chagueni siku ambayo si ya joto kali wala baridi kali: ukitiwa mwanya ukiwa umebanwa na jua la mchana, usiku utavutwa hadi mwisho wa uwezo wake. Na rangi ya ukuta ipite pembeni, isiupake mpira.